Lady Alice: mashua iliyobebwa mabegani

Leo tuache kompyuta kidogo, ingawa mtaona tutairudia.

Huku Ikutha ziwa hatuna. Tuna Tiva, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na Athi upande wa Kibwezi. Mtu wa bara akitaka kusafiri kwa tanga, sharti achukue chombo akipeleke kwenye maji. Siku hizi ni kazi ya trela. Mwaka 1874 trela ilikuwa bega la mtu.

Mwaka huo Henry Morton Stanley alileta Zanzibar mashua iliyoundwa Teddington, Uingereza. Urefu wake ulikuwa futi 40, nayo iligawanywa vipande vitano vya kuunganishwa. Sisi waandaaji wa programu tungeziita moduli. Lakini alipovipima Zanzibar alikuta vinne vina ratili 280 kila kimoja, yaani kilo 127 hivi, na cha tano ratili 310. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32. Ikabidi seremala avipunguze upya. Somo la kwanza: kugawa kazi vipande hakusaidii kama kipande chenyewe hakibebeki.

Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874. Tarehe 8 Machi 1875 mashua ilishushwa Kagehyi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Nahodha kwenye usukani alikuwa Wadi Safeni.

Sasa tuangalie tanga. Mlingoti ukisogea mbele mno, omo hukimbia upepo. Ukirudi nyuma mno, omo huugeukia. Mashua inayofunguliwa na kuunganishwa tena inabidi ijaribiwe upya kila ishukapo majini, na kila kiungo kikaguliwe kisivuje. Tena chombo chepesi kisicho na mkuku mrefu hakibishi vizuri: upepo wa ubavuni hukisukuma kando. Kwa hiyo tanga kwa upepo wa nyuma, na makasia kwa mengine yote.

Umuhimu wa makasia ulionekana kisiwani Bumbireh, Aprili 1875. Wenyeji waliyachukua, mabaharia wakang'oa mbao za sakafu ya mashua wakapiga nazo makasia. Hapo Stanley aliwapiga risasi wenyeji, na Agosti akarudi kulipiza kisasi na kuua wengi zaidi. Tukisifu mashua tusilifiche hilo.

Mzunguko wa ziwa ulichukua siku 57 na kuthibitisha kuwa ni ziwa moja kubwa, kama Speke alivyosema. Mwaka 1876 mashua ilizunguka Tanganyika, kisha ikashuka mto Kongo. Mwisho wa Julai 1877 iliachwa juu ya maporomoko ya Isangila. Wazungu watatu waliofuatana na Stanley walikuwa wamekwisha kufa. Safeni naye, siku zile zile, akili ilimruka, akaingia msituni asionekane tena.

Vitabu vinasema Stanley alizunguka ziwa. Kweli, lakini chombo hakikufika ziwani kwa miguu yake. Kila programu tunayotumia ina watu waliobeba vipande vyake, na majina yao hayapo kwenye jalada. Ukiandika historia ya kazi yoyote, anza na wapagazi.

Haya, tuonane wiki ijayo.