Kompyuta na Vyumba vya Moyo: Historia Fupi

Moyo wa binadamu una vyumba vinne. Katika makala haya tunaeleza jinsi kompyuta ilivyofundishwa kubainisha mipaka ya vyumba hivyo katika picha za kitabibu, na ni nani aliyekuwa mwalimu wake.

Mwaka 1953 Inge Edler na Hellmuth Hertz, huko Lund, Sweden, walitumia altrasaundi kunasa mwendo wa moyo unaodunda. Picha bora zaidi zilipopatikana baadaye, kazi ngumu ilibaki mikononi mwa daktari: kuchora ukingo wa ventrikali ya kushoto, moyo ukiwa umejaa na ukiwa umenywea. Tofauti hiyo ndiyo huonyesha nguvu ya moyo. Chumba chenye mililita 120 kikibakiwa na 50, kimesukuma takriban asilimia 58 ya damu. Mstari ukikosewa, kipimo hupotoka, na tiba nayo huweza kupotoka.

Mwaka 1988 Michael Kass, Andrew Witkin na Demetri Terzopoulos walichapisha mbinu waliyoiita "nyoka", yaani mstari unaojikunja hadi kuukumbatia ukingo wa kitu katika picha. Hata hivyo, nyoka huyo hakujua moyo ni nini. Ukingo ulipofifia, alipotea njia. Ndipo mwaka 1995 Tim Cootes na wenzake wa Manchester wakaeleza namna ya kuifunza kompyuta umbo lenyewe, kwa mifano iliyowekewa alama na binadamu. Mwaka 2015 ikaja U-Net kutoka Freiburg, Ujerumani, ambayo hujifunza kwa picha zilizokwisha kuchorwa. Mwaka 2018 ulitangazwa mfumo uliofunzwa na kujaribiwa kwa picha za MRI za watu 4,875 wa UK Biobank, nao ukawakaribia wataalamu kwa usahihi.

Ni dhahiri basi kwamba mwalimu ni mkono wa binadamu, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka 2021 watafiti wa London walionyesha kuwa mfumo uliofunzwa kwa picha za UK Biobank, ambamo wazungu ni wengi mno, ulichora vizuri zaidi mioyo ya wazungu kuliko ya makundi mengine.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki, funzo ni bayana. Kabla hospitali haijauamini mstari wa mashine, iulinganishe kwanza na mistari ya madaktari wake, katika picha za wagonjwa wake yenyewe.