Historia ya Kuifunza Akili Makini kwa Mawimbi ya Ubongo

Aghalabu mtu atafutaye jambo moja huangukia jingine, na maarifa ya kumwonyesha mwanadamu mawimbi ya ubongo wake ili ajifunze kuituliza akili yalizaliwa kwa njia hiyo. Asili yake ni mji wa Jena, Ujerumani, kwa tabibu wa maradhi ya akili aliyeitwa Hans Berger. Katika miaka ya 1890, alipokuwa kijana katika mafunzo ya jeshi, Berger alianguka kutoka juu ya farasi, akanusurika kusagwa na gurudumu la mzinga. Na jioni ile ile ikamfikia telegramu ya baba yake kumuuliza hali, kwa sababu dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na hofu ya ghafula kwamba nduguye amepatwa na msiba. Tangu hapo Berger aliamini kwamba fikra ina nguvu iwezayo kusafiri, akatumia miaka mingi kuitafuta kichwani mwa binadamu.

Nguvu hiyo hakuipata. Hata hivyo, mwaka 1924 alifaulu kunasa umeme hafifu wa ubongo wa mtu, na mwaka 1929, baada ya kusitasita sana, akaitangaza habari yake. Alionyesha kwamba mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi hupanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde, nayo akayaita alfa. Na akifumbua macho au akishughulishwa na hesabu, hayo hufifia, yakafuatwa na mengine madogo yaendayo mbio zaidi. Wataalamu wengi hawakumsadiki mpaka Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipoyathibitisha mwaka 1934.

Kuyasoma mawimbi si kuyatawala. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Chicago, Joe Kamiya alimweka mtu katika chumba chenye giza, macho yamefumbwa, na kila kengele ilipolia mtu yule alitakiwa abashiri kama ubongo wake ulikuwa katika alfa au la, kisha akaambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Kwa kusahihishwa hivyo mara kwa mara, wako waliotambua hali zao na hatimaye wakaweza kuzileta kwa hiari, ingawa kueleza wafanyavyo kuliwashinda.

Barry Sterman wa Los Angeles naye alikuwa akichunguza usingizi, wala hakuwa na haja na makini ya mtu yeyote. Aliona kwamba paka anayengojea chakula, amesimama kimya bila kutikisa kiungo ilhali yu macho na tayari, hutoa mawimbi ya namna ya pekee juu ya sehemu ya ubongo iamuruyo viungo. Akaanza kumtuza paka kwa chakula kila mawimbi hayo yalipotokea, na paka wakajifunza kuyazidisha. Baadaye alipoombwa apime sumu ya mafuta ya roketi, ambayo huleta kifafa, paka waliokwisha kufunzwa waliistahimili kuliko wenzao. Kutoka hapo mafunzo yakapelekwa kwa wagonjwa wa kifafa, na mwaka 1976 Joel Lubar wa Tennessee akachapisha habari za mtoto mwenye utukutu wa kupita kiasi aliyefunzwa kwa njia hiyo.

Lakini mtoto si paka, na taa ya kumwonyesha mawimbi yake, inayowaka na kuzimika, humchosha upesi. Ndipo ulipoingia uhalisia pepe, yaani mazingira ya kubuni yaonwayo ndani ya chombo cha kichwani, ambao nao ulikuwa na safari yake tangu Ivan Sutherland alipotengeneza, mwaka 1968, chombo cha kuvaa kichwani kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Katika Chuo Kikuu cha Southern California, Albert Rizzo na wenzake walijenga darasa la kompyuta: mwanafunzi avaapo miwani hujikuta ameketi dawatini, mwalimu na ubao mbele yake, dirisha ubavuni, na hutakiwa aangalie herufi zipitazo ubaoni huku magari yakipita nje na sauti zikimvuta huku na huku. Mwanzoni mwa karne hii watafiti wa Korea ya Kusini waliunganisha darasa la namna hiyo na elektrodi za kunasa mawimbi kichwani, makini ikapimwa na kufunzwa kwa pamoja.

Matumaini yalikuwa makubwa, na biashara ikayafuata kabla ya ushahidi kukamilika. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani juu ya watoto zaidi ya 140, wa umri wa miaka 7 hadi 10, wenye tatizo la kutotulia. Baadhi yao walirejeshewa mawimbi yao wenyewe. Wengine, bila wao, wazazi wala waalimu wao kujua, walirejeshewa mawimbi yaliyorekodiwa zamani, yasiyo yao. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, wala la kwanza halikulipita la pili. Kwa hiyo yamkini kilichowafaa ni kule kuketi kwa nidhamu kipindi baada ya kipindi, mbele ya mtu mzima mwenye subira, wakisifiwa kila wafanyapo vema. Hilo si jambo dogo, wala halitwezi kazi ya Berger na waliomfuata. Bali ni insafu kwamba mzazi auziwaye leo kofia ya elektrodi na miwani kwa ajili ya mwanawe aulize, kabla ya kutoa fedha, mtoto aliyerejeshewa mawimbi yasiyo yake alipata nini.