Mbeleko na Vyuma: Malezi ya Watoto Waliopooza kwa Polio Afrika Mashariki

Historia ya polio katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya chanjo, yaani ya matone mdomoni, majokofu, kampeni za nyumba kwa nyumba na vyeti vya kutokomeza ugonjwa, na katika masimulizi ya namna hiyo mtoto aliyepooza hutajwa mara moja tu, akiwa tarakimu katika jedwali, kisha hasikiki tena. Lakini baina ya siku ambayo mguu ulikataa kusimama na siku ambayo mtoto huyo alisimama, kama alijaliwa kusimama, ilipita miaka ya kazi ambayo haikufanywa na wizara, wala kwa sehemu kubwa haikufanywa na madaktari, bali ilifanywa na mzazi, aghalabu mama, pamoja na mtoto mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa na vifaa vyake, mafundi wake, maarifa yake na hata mabishano yake, na kwa hiyo ni haki ihesabiwe kuwa sehemu ya historia ya tiba.

Polio husababishwa na virusi vinavyoingia mwilini kwa njia ya mdomo, pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, vikazaliana ndani ya utumbo na, kwa walio wengi, vikapita bila kuacha dalili kubwa kuliko homa ya siku chache. Kwa takriban mtu 1 katika kila 200 walioambukizwa, virusi hivyo hupenya hadi kwenye uti wa mgongo na kuua neva zinazoamrisha misuli, huku neva za hisia zikibaki salama. Ndiyo maana mguu uliopooza kwa polio husikia baridi, moto na mchomo wa mwiba sawasawa na mguu mwingine wowote, ila hauwezi kujiondoa penye mwiba. Misuli isiyopata amri hukonda, na mfupa wa upande huo hurefuka polepole kuliko mwenzake. Ugonjwa huu ni wa kale mno. Katika jumba la makumbusho la Glyptotek mjini Copenhagen limehifadhiwa jiwe la kumbukumbu la Misri ya kale, la zama za nasaba ya 18, linalomwonyesha mtu aitwaye Ruma akiwa pamoja na mkewe na mwanawe, mguu wake mmoja umekonda na kusimamia vidole, na ubavuni ameegemeza fimbo ndefu. Wataalamu wengi wanauona mguu huo kuwa wa polio. Kwamba mtu huyo aliishi hadi utu uzima, akaoa, akazaa na kumudu kuchongewa jiwe, ni ushahidi tosha kwamba huko nyuma palikuwa na mtu aliyembeba, ingawa jiwe halimtaji.

Kwa muda mrefu madaktari wa kikoloni na wengi waliowarithi waliamini kwamba polio ni ugonjwa wa nchi za baridi, na kwamba watoto wa Afrika hawaupati kwa wingi. Imani hiyo ilikuwa na sababu. Katika nchi zilizokuwa zimesambaza maji safi na mifereji ya majitaka, watoto walichelewa kukutana na virusi, hivyo walipoambukizwa waliugua kwa makundi makubwa na wakiwa na umri mkubwa zaidi, na milipuko ikawa habari ya magazeti: mwaka 1952 Marekani peke yake ilisajili wagonjwa zaidi ya 57,000. Huku kwetu virusi vilikuwapo siku zote, watoto karibu wote waliambukizwa wakiwa wachanga, na wale wachache waliopooza walipooza mmoja huku na mwingine kule, mwaka mzima, bila mlipuko wa kumshtua bwana afya. Ni katika miaka ya 1970 tu ambapo watafiti walianza kufanya uchunguzi wa watoto wanaochechemea, yaani kuingia mashuleni na vijijini na kuhesabu waliobaki na mguu mkavu, na kazi iliyofanyika Danfa nchini Ghana ikathibitisha kwamba polio ilikuwa ikilemaza watoto wa Afrika kwa kiwango kisichopungua kile cha nchi tajiri zilipokuwa katika milipuko yake mibaya. Kuhesabia shuleni kulikuwa na dosari iliyo wazi, kwani aliyehesabiwa ni yule aliyeweza kufika shule. Anayetambaa uani kwao hakuonwa na mtu.

Ili kuelewa kwa nini alibaki uani, ni lazima kuanzia kwenye mbeleko, ile nguo ambayo mama humfungia mtoto mgongoni. Polio ya Afrika ilipiga hasa watoto wa chini ya miaka mitatu, umri ambao mtoto hubebwa hata akiwa mzima, na kwa sababu hiyo katika miezi ya mwanzo maisha ya nyumbani hayakubadilika sana: mama alikwenda shamba, kisimani na sokoni na mwanawe mgongoni kama kawaida. Shida ilianza pale mtoto alipokuwa mzito, au pale mdogo wake alipozaliwa na mbeleko ikawa ya mwingine. Kuanzia hapo mtoto alishushwa chini, naye, kwa kuwa watoto hawakubali kukaa mahali pamoja, akajitafutia mwendo wake wa kutambaa kwa mikono na magoti au kujikokota kwa makalio. Ushupavu huo wa kujitafutia mwendo ulikuwa na gharama, kwani nyonga na magoti yanayokaa yamekunjwa mchana kutwa, pamoja na kisigino kinachovutwa juu na misuli iliyobaki hai, hukakamaa. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, hufupika, na baada ya mwaka mmoja au miwili mguu hauwezi kunyooshwa tena hata kwa mkono wa mtu mwingine.

Kampeni za miaka ya baadaye zilipenda kuwalaumu wazazi kwamba waliwaficha watoto wenye ulemavu kwa aibu. Waliofanya hivyo walikuwapo, na imani za laana na uchawi hazikukosa wafuasi, lakini lawama hiyo imekuzwa kupita kiasi. Mtoto wa miaka saba ambaye hatembei, katika kijiji kilicho kilomita nyingi kutoka barabarani, haonekani na wageni kwa sababu hiyo hiyo kwamba hatembei, na mgongo wa mama una mwisho wake. Wakati mwingine kilichoitwa kufichwa kilikuwa ni uchovu tu.

Jambo jingine ambalo wazazi hawakusadikiwa ni habari ya sindano. Kote Afrika Mashariki, na kwa kweli katika nchi nyingi za joto, akina mama walisimulia hadithi moja: mtoto alishikwa na homa, akapelekwa zahanati, akachomwa sindano ya paja au ya makalio, na kesho yake mguu ukapooza. Waganga wengi waliichukulia kuwa ni ujinga wa kuilaumu dawa kwa kosa la ugonjwa. Hata hivyo, mwaka 1950 watafiti wa Uingereza na Australia walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mtoto ambaye tayari ana virusi vya polio mwilini, akichomwa sindano ya msuli, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupooza, na hasa kiungo kile kile kilichochomwa, kwa kuwa jeraha dogo la msuli huvirahisishia virusi njia ya kufuata neva. Homa iliyompeleka mtoto zahanati mara nyingi ilikuwa ndiyo mwanzo wa polio yenyewe, na sindano, iwe ya kwinini au ya dawa nyingine, ikageuza ugonjwa ambao pengine ungepita kuwa ulemavu wa maisha. Si kila kisa kilikuwa hivyo, lakini visa vya namna hiyo vilikuwapo vya kutosha kuwapa akina mama haki yao, na ni bahati mbaya kwamba haki hiyo iliandikwa katika majarida ambayo wao hawakuyasoma, huku wengi wao wakiishi na uchungu wa kujilaumu kwa kumpeleka mtoto hospitali.

Chanjo, kwa upande wake, ilifika mapema katika baadhi ya sehemu, kisha ikatoweka. Mwaka 1958, katika bonde la mto Ruzizi, kati ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, watu zaidi ya 200,000 walipewa chanjo ya mdomoni iliyotengenezwa na Hilary Koprowski katika muda wa majuma machache, ikiwa miongoni mwa kampeni kubwa za mwanzo za chanjo hai ya polio duniani. Ilikuwa majaribio ya watafiti zaidi kuliko huduma, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuwa na utaratibu wa kudumu wa kuwakinga.

Mabadiliko makubwa kwa wale waliokwisha pooza yalitokea Kampala. Mwaka 1960 daktari wa mifupa Ronald Huckstep alijiunga na Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago, akakuta watoto wanaotambaa wakiwa wengi kuliko uwezo wa chumba chochote cha upasuaji, na vyuma vya miguu vinavyoagizwa Ulaya vikiwa ghali mno na visivyofaa kwa matope. Jibu lake lilikuwa la kifundi: kano zilizofupika zikatwe kwa upasuaji mdogo, mguu ufungwe plasta ngumu, ambayo Tanzania watu wanaiita hogo, mpaka unyooke, kisha mtoto avishwe vyuma vinavyoweza kutengenezwa papo hapo na fundi aliyefunzwa kwa muda mfupi. Kitabu alichokitoa mwaka 1975, baada ya kuhamia Sydney mwaka 1972, kilisambaza mbinu hizo katika nchi nyingi maskini.

Vyuma hivyo vinastahili kutazamwa kwa karibu. Vilikuwa ni nondo mbili nyembamba zinazoshuka pande zote za mguu, zimeunganishwa juu, nyuma ya paja, kwa utepe wa chuma uliovishwa ngozi, na ncha zake za chini zimeingizwa katika matundu ya kisigino cha kiatu cha mbao kinachofanana na mtalawanda wa pwani. Mkanda wa ngozi wenye bizimu ulipita mbele ya goti kulizuia lisikunjike, kwani mguu usio na msuli wa paja hujikunja mara tu uzito unapoushukia. Katika aina iliyo rahisi zaidi hapakuwa na bawaba ya goti, hivyo mtoto alitembea mguu ukiwa umenyooka kama mti, na akitaka kuketi aliutanguliza mbele. Mbao ikichakaa, seremala yeyote aliweza kuchonga nyingine. Nondo ikikatika, palikuwa na mchomeleaji mjini.

Kinachosahauliwa ni kwamba daktari alimaliza kazi yake siku ya kuvalisha, na mzazi ndipo alipoanza. Mtoto hukua, vyuma havikui, kwa hiyo ilibidi arudishwe karakana mara kwa mara ili nondo zirefushwe na mkanda ushonwe upya, na aliyekosa nauli kwa mwaka mmoja alijikuta vyuma vinamvunja goti badala ya kulishikilia. Kila usiku mguu ulipaswa kunyooshwa kwa mikono, taratibu, mtoto akilia, maana hisia zake ni kamili. Na hapa methali ya mchelea mwana kulia huwa na maana kali, kwani mama aliyeacha kunyoosha kwa huruma aliuacha mguu ukakamae tena. Ngozi ya paja ilipochubuka, vyuma viliwekwa kando mpaka kidonda kipone, na siku hizo za kuwekwa kando ndizo zilizowashinda wengi. Baba naye alikuwa na sehemu yake: kusimamisha uani miti miwili sambamba ambayo mtoto alijishikilia akijifunza kupiga hatua, na kuchonga magongo, akiyakata upya kila urefu ulipobadilika. Mtoto alianguka mara nyingi, akajifunza kuanguka bila kuumia, jambo ambalo ni ujuzi kamili na hufunzwa kabla ya kutembea.

Nchini Kenya njia ilikuwa nyingine kidogo, kwa kuwa huko zilistawi shule za bweni. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilianzishwa mwaka 1958, na mwaka 1962 Jeshi la Wokovu likafungua shule ya Joytown mjini Thika, ambako upasuaji, mazoezi na masomo viliwekwa pamoja. Bweni lilimwondolea mzazi mzigo wa kubeba, likamtwisha mwingine wa kuachana na mtoto aliyezoea kumlisha na kumwogesha kwa miaka, na mtoto akalazimika kukua haraka miongoni mwa wenzake wenye magongo. Tanzania ilipata mwaka 1981 chuo cha mafundi wa viungo bandia na vyuma katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Waliokua kwa malezi hayo hawakusubiri kuhurumiwa. Mpakani Busia, kati ya Uganda na Kenya, watu wazima waliopooza utotoni walijenga biashara ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, zilizoongezewa nafasi ya mizigo, wakinufaika na ukweli kwamba maofisa wa forodha hawakuwa wepesi wa kuwasimamisha. Biashara ya jinsi hiyo ilishamiri pia katika kivuko cha mto Kongo baina ya Kinshasa na Brazzaville, ambako walipunguziwa nauli. Kuna wanaoiita magendo, na kisheria huenda wana haki, lakini watu hao walisomesha watoto kwa mapato hayo.

Virusi vya asili vya polio vilionekana Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996, mwaka ule ule ambao Nelson Mandela alizindua kampeni ya bara zima, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa haina virusi hivyo. Waliopooza kabla ya hapo bado wapo. Wengi wao, baada ya miongo kadhaa ya kutembea kwa misuli michache iliyolazimishwa kufanya kazi ya ile iliyokufa, hupatwa na udhaifu mpya na maumivu ya viungo, hali ambayo madaktari huiita athari za baadaye za polio, na baadhi ya waliovitupa vyuma ujanani hurudi karakana kuviomba tena, mara hii wakiwa watu wazima wanaolipa wenyewe na kueleza wenyewe mahali panapochubua.