Nyumba yetu ilitajwa bungeni, hatukusikia

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, leo nataka tufungue bahasha moja ya kaki. Bahasha hiyo ni ya marehemu baba yangu. Aliiweka chini ya godoro kwa zaidi ya miaka 30, na ndani yake hamna fedha. Mna stakabadhi za kodi ya jengo la nyumba yetu ya Temeke, Dar es Salaam, ambayo baba aliijenga tofali kwa tofali, chumba baada ya chumba, kila alipopata chochote.

Tusichanganye mambo. Kodi ya pango ni ile anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Kodi ya ardhi hulipwa serikalini kwa ajili ya kiwanja chenye hati. Kodi ya jengo hutozwa kwa lile jengo lenyewe lililosimama juu ya kiwanja, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia leo.

Nilipozipanga stakabadhi zile sakafuni kwa miaka yake, jambo moja lilinishangaza. Nyumba ni ileile, mwenye nyumba ni yuleyule, lakini jina la mpokeaji lililochapwa juu ya karatasi linabadilika kila baada ya miaka michache. Za kwanza zimetolewa na Halmashauri ya Jiji. Zinafuata za Tume ya Jiji, kisha za Manispaa. Halafu ikaja Mamlaka ya Mapato, ikarudi Manispaa, ikarudi tena Mamlaka ya Mapato. Mwishowe stakabadhi zinakoma kabisa, maana siku hizi kodi hiyo hukatwa kimyakimya unaponunua umeme wa LUKU.

Nikajiuliza: nani aliyekuwa akiyabadilisha majina haya, na mbona baba hakuwahi kuulizwa? Jibu ni kwamba kila jina lililobadilika lilitanguliwa na uamuzi wa wakubwa, na mara nyingi ulikuwa ni sheria iliyopita bungeni. Sisi wenye nyumba na wapangaji wetu hatukuwa na habari.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba katika koloni lake la Afrika Mashariki. Mtu alihesabiwa kwa kibanda chake, akatakiwa kutoa rupia. Asiyekuwa na rupia alikwenda kuzitafuta kwa kufanya kazi, na hilo lilikuwa sehemu ya kusudi lenyewe. Walipokuja Waingereza, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Tangu siku hizo Mtanganyika alijifunza kwamba nyumba anaweza kuijenga mwenyewe, lakini masharti ya kuishi humo yanaandikwa na watu wengine, katika lugha nyingine.

Uhuru ulipopatikana tulipata bunge letu. Hata hivyo, mazoea ya kusikia habari za nyumba zetu baada ya mambo kwisha hayakuondoka. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo. Kwa sheria hiyo Rais alipewa uwezo wa kuchukua jengo lolote lenye thamani ya Sh 100,000 au zaidi, isipokuwa lile ambalo mwenyewe aliishi humo. Majengo yaliyotimiza miaka 10 hayakulipiwa fidia. Yote yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, lakini walikuwamo pia Waafrika. Wapo walioshangilia sheria ile kwa sababu ilivunja unyonyaji wa kodi za pango, na wapo waliofunga mizigo wakaondoka nchini. Mimi simhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba aliyelala ana nyumba ya kupangisha aliamka akiwa mpangaji wa serikali.

Mwaka uliofuata, 1972, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, lakini kilichotokea ni kufutwa kwa halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Mabaraza yaliyokuwa yakizibua mitaro, kuzoa taka na kupuliza dawa ya mbu yakatoweka. Katikati ya miaka ya 1970 kipindupindu kiliingia, na miji ikajikuta haina mtu wa kubeba lawama. Ndipo mwaka 1978 ilipotungwa sheria ya muda ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa kulikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia.

Makosa yale yalirekebishwa kwa sheria. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria za serikali za mitaa, Namba 7 kwa ajili ya wilaya na Namba 8 kwa ajili ya miji, pamoja na Namba 9 ya fedha za halmashauri. Mwaka 1983 ikaja Sheria Namba 2, iliyozipa mamlaka za miji haki ya kutoza kodi ya majengo. Ndiyo sheria ambayo leo huitwa Sura ya 289 katika vitabu vya sheria zetu. Nakuomba uikumbuke namba hiyo, maana tutairudia.

Stakabadhi ya kwanza ya baba ilitokana na sheria hiyo. Mantiki yake ilikuwa rahisi, hata mtoto angeielewa. Wewe una nyumba mjini. Nyumba yako ina thamani kwa sababu mbele yake pana barabara, mtaro na taa. Basi ulipe halmashauri inayovitengeneza, nayo isipovitengeneza umuulize diwani wako.

Baba aliuliza. Mbele ya nyumba yetu pana mtaro ambao kila masika hugeuka mto. Nikiwa mtoto wa shule ya msingi nilimwona akienda katika mkutano wa mtaa na bahasha yake kwapani. Diwani alipoanza kusimulia matatizo ya fedha, baba alizitoa stakabadhi zake moja moja, akazisoma miaka yake kwa sauti. Watu walicheka, lakini diwani hakucheka. Mtaro ulizibuliwa mwezi ule. Haukujengwa, ulizibuliwa tu, lakini tuliona kwamba karatasi ile ilikuwa na nguvu.

Halmashauri nazo hazikuwa malaika. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam ilinuka kwa malundo ya taka, na mwaka 1996 serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Tume ilifanya kazi hadi mwaka 2000, zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Serikali iliendelea kuona kwamba halmashauri hazikusanyi kodi ya majengo ipasavyo, na hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Nyumba nyingi hazikuwa kwenye daftari, na uthamini ulikuwa kazi ya gharama kubwa. Mwaka 2008 kazi ya kukusanya kodi hiyo jijini ikapewa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2014 ikarudishwa kwa manispaa. Mwaka 2016 ikachukuliwa tena.

Hapo kwenye mwaka 2016 naomba nikiri kosa langu. Juni ile nilikuwa mmoja wa waandishi walioifuatilia bajeti. Hotuba ilipomalizika, sote tulikimbilia mambo yaleyale ya kila mwaka: bia imepanda kiasi gani, soda je, sigara je, petroli je. Taarifa yangu ya saa mbili usiku ilijaa chupa na moshi. Lakini katika muswada wa fedha wa mwaka ule mlikuwa na marekebisho ya Sura ya 289, yaliyoiondoa kodi ya majengo mikononi mwa halmashauri. Mimi, mtoto wa mwenye nyumba, mwandishi mwenye stashahada yake ukutani, niliipita sehemu ile kama mtu anayepita mbele ya nyumba yao bila kuitambua. Nyumba yetu ilitajwa bungeni, na mimi nilikuwa nahesabu bei za bia.

Zikafuata sheria nyingine za fedha. Nyumba za kawaida ambazo hazikuwa zimethaminiwa ziliwekewa kiwango kimoja cha Sh 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Bunge likapitisha utaratibu wa LUKU, ukaanza Agosti ile: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Sh 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vikapandishwa kuwa Sh 1,500 na Sh 7,500.

Utaratibu wa LUKU una faida zake. Hakuna foleni, na waliokuwa wakikwepa sasa wanalipa. Lakini ulileta neno nyumbani kwetu. Mama yangu ana wapangaji, na umeme hununuliwa na wao. Mpangaji mmoja, kijana mstaarabu, alimjia na karatasi ya LUKU mkononi.

"Mama, shikamoo. Hii kodi ya jengo nimekatwa mimi, na jengo ni lako."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijamwambia mtu akukate. Nenda kawaulize waliokukata."

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Sheria inamtaka mwenye jengo alipe, lakini mita inamkamata yule mwenye kiu ya umeme. Serikali ilieleza kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba, apunguze kiasi hicho katika pango. Maelezo hayo hayakumfikia mama, wala hayakumfikia kijana. Wiki mbili hawakusalimiana kwa sababu ya Sh 1,000, mpaka nilipokwenda mimi kuwapatanisha. Ni nyumba ngapi zilizokosa mpatanishi?

Masika iliyofuata, mtaro ulifurika kama kawaida yake. Mama, ambaye amerithi ukali wa marehemu, alikwenda na bahasha kwenye mkutano wa mtaa. Akajibiwa kwa adabu kwamba kodi ile haikusanywi tena na manispaa. Jibu lilikuwa la kweli. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya majina yale juu ya stakabadhi. Jina la anayepokea likibadilika, anabadilika pia yule wa kuulizwa. Ukimlipa diwani wako, unaweza kumuuliza mkutanoni. Ukiilipa mita iliyo ukutani, utauliza nani?

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katiba yetu, ibara ya 145 na ya 146, inazitambua serikali za mitaa na kueleza kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini madaraka bila fedha ni kama nyumba bila paa. Ukitaka kujua paa linaezuliwa lini, usingoje uone mawingu.

Kwa kawaida muswada hutangazwa kwanza katika Gazeti la Serikali. Husomwa bungeni mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, na kamati inaweza kuwaita wananchi na wadau watoe maoni. Hapo ndipo penye mlango, na ni mwembamba. Ukishasomwa mara ya pili na ya tatu, na Rais akatia saini, kilichobaki ni kulipa. Isitoshe, muswada unaweza kuja kwa hati ya dharura, na hapo mlango huwa mwembamba zaidi. Zamani tulikuwa na kisingizio kwamba sheria zimeandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 sheria yenyewe imetamka kwamba lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili. Kisingizio hicho kinaelekea ukingoni.

Basi nakuomba mambo matatu. Kila Juni, muswada wa fedha unapotoka, tafuta sehemu zinazorekebisha Sura ya 289 ya kodi za majengo na Sura ya 290 ya fedha za serikali za mitaa. Muulize mbunge wako, kabla hajapiga kura, fedha za nyumba yako zitarudi mtaani kwako kwa njia gani. Na sisi waandishi tuache kuhesabu chupa peke yake. Mimi nimekwisha kuanza. Kila mwaka, kabla sijasoma bei ya bia, hutafuta kwanza nyumba yetu imetajwa ukurasa gani.

Bahasha ya baba sasa ninayo mimi. Mama alinikabidhi mwaka jana, akaniambia niendelee kuweka. Nikamwuliza niweke nini, ilhali stakabadhi hazitoki tena. Akaniambia, "Weka hizo karatasi za umeme, mwanangu. Iko siku atapatikana mtu wa kuonyeshwa." Ninaziweka. Na mtaro bado unafurika.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.