Vijiumbe wa biogesi
Biogesi, au gesi ya samadi, hutengenezwa na vijiumbe wanaoishi pasipo hewa ndani ya mtambo. Bakteria huvunja kinyesi cha ng'ombe hatua kwa hatua hadi kupata asidi na hidrojeni. Kisha akea, vijiumbe wa kundi jingine, huzigeuza kuwa methani. Maisha yao ni ya kikoa: hidrojeni ikirundikana bila kuliwa na akea, bakteria nao hukwama. Joto la takriban 35°C huwafaa sana, na hali ya joto ya kisiwa cha Pemba husaidia. Lakini majani ya mikarafuu, yaliyotapakaa kisiwani, yasitiwe ovyo, kwani yujenoli, kemikali iliyo katika mafuta yake, huua bakteria. Tanzania Bara, kituo cha teknolojia ya vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kimeeneza mitambo hii tangu miaka ya 1980. Mtambo ukichacha na mwali kufifia, usiulishe kwa siku kadhaa.