Kwao Walipiga Kura, Kwetu Wakaleta Chifu

Wasee, mnakumbuka Jackie Weaver? Februari 2021, watu wamefungiwa nyumbani na korona, halafu inasambaa video ya Waingereza wakigombana kwa Zoom. Mwenyekiti anamfokea mama wa watu eti hana mamlaka pale, na mama anamtoa kwa mkutano bila kelele. Tulicheka sana. Lakini mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma, so nikataka kujua: hilo baraza la Handforth ni la nini hadi watu wazima wachapane maneno hivyo?

Linaitwa baraza la parokia. Jina lisikuchanganye, si la kanisa. Ila lilitoka huko. Zamani mambo ya kijiji cha Uingereza yaliamuliwa kwenye mkutano wa kanisa, na wenye sauti walikuwa kasisi, tajiri mwenye ardhi na wakulima wakubwa. Sheria ya 1818 ilimruhusu mwenye mali nyingi kupiga hadi kura 6. Peke yake! Sasa kibarua anayelima shamba la huyo tajiri na kulala kwa nyumba yake angebisha aje?

1894 Bunge likavunja hiyo mambo. Kila parokia ya mashambani yenye watu 300 au zaidi ikapata baraza la kuchaguliwa, na kura za ziada za matajiri zikaisha. Wanawake, hata walioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea wakitimiza masharti. Kura ya Bunge wangeingoja hadi 1918.

Kazi yenyewe ilikuwa midogo midogo: kukodi shamba na kuligawa vipande ili vibarua wajilimie, kulinda vijia vya umma visifungwe na wenye ardhi, makaburi, taa za usiku. Midogo, lakini ndiyo maisha ya mtu wa kijijini.

Leo England ina mabaraza kama 10,000 ya aina hiyo. Si mbinguni, viti vingi hata havipati mpinzani. Lakini kila mwaka, kati ya Machi 1 na Juni 1, lazima kuwe na mkutano ambao mpiga kura yeyote anaweza kuingia na kusema. Na vitabu vya hesabu hufunguliwa, mwananchi akague.

Sasa angalia tarehe. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza hayo ulikuwa Desemba 1894. Julai 1, 1895, Uingereza hiyo hiyo ikatangaza kwamba hapa kwetu ni himaya yake. 1902 ikatunga sheria ya wakuu wa vijiji. Walichaguliwa na nani? Hakuna. Serikali iliwateua.

Hiyo ndiyo inaniuma. Walijua vizuri kwamba kijiji kinaweza kujichagulia viongozi, maana walikuwa wametoka kuamini hivyo kwao. Kwetu wakaona inatosha mtu wa kupokea amri. Na hadi leo chifu anaajiriwa na serikali, hapigiwi kura.

Kwa hivyo ukisikia kaunti imeita wananchi waseme kuhusu bajeti, usiseme hiyo ni ya wazee. Enda, kaa mbele, uliza choo cha soko kilikula pesa ngapi. Kibarua wa 1894 alipigania nafasi ya kuuliza swali kama hilo. Wewe unayo tayari, bure, na Katiba ya 2010 iko upande wako.