Kufungwa kwa Ajira za Chuo Kikuu Wakati wa Dhiki, na Hasara Iliyoifikia Ufipa

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na walimu wake wengi walikuwa wageni. Kuwaweka wenyeji mahali pa wageni hao hakukuwa jambo la mwaka mmoja. Kijana aliyefaulu vizuri huajiriwa kuwa msaidizi, hupelekwa kusomea shahada ya pili, kisha ya tatu, na hata miaka 10 yaweza kupita kabla hajasimama peke yake mbele ya wanafunzi na katika utafiti. Ajira ya namna hii, mkulima wa Ufipa angeielewa upesi. Yeye hufukia majani ndani ya matuta ya mviringo, yaitwayo ntumba, akijua kuwa rutuba yake ni ya msimu ujao.

Kisha ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Uganda vikafuata. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 17 hivi, na mwaka 1990 kwa shilingi 195. Mshahara wa mhadhiri ulibaki na jina lake, lakini uzito wake ulikwisha. Baadhi ya wahadhiri walikwenda Botswana, Lesotho na Swaziland. Waliobaki walifuga kuku na ng'ombe, wala si haki kuwacheka, kwa maana ndio waliokiweka chuo hai. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoka 1981 katikati ya shida hizo. Toleo lake la pili halikuonekana mpaka 2004.

Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi wake wapatao 50,000, na mlango wa ajira mpya ukafungwa. Chuoni, chini ya Profesa Matthew Luhanga, aliyekiongoza tangu 1991 hadi 2006, mageuzi yalianza 1994, na kazi kadhaa zisizo za kufundisha zikaachiwa watu wa nje. Hatua hiyo ilikuwa na hoja yake: mpishi huweza kupatikana siku yoyote. Lakini kuacha kuajiri wasaidizi vijana lilikuwa jambo la aina nyingine kabisa. Hesabu ya fedha ilionyesha nafuu mwaka uleule. Pengo lilijitokeza baadaye, wazee walipostaafu kwa mkupuo na nyuma yao hapakuwa na watu wa makamo wa kutosha.

Hasara hiyo haikuishia Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyotegemewa kulisha nchi kwa mahindi. Nyanda za Ufipa zilimlisha msomi wa mjini, naye hakuwa na nauli wala msaidizi wa kumtuma Msanzi au Sumbawanga. Na miaka hiyo haikuwa ya kupotezwa. Uyeyushaji wa chuma katika malungu, tanuru ndefu za udongo zilizowapa Wafipa sifa, ulikuwa umekoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vijana waliowahi kuchochea moto wake walikuwa sasa wazee, na pamoja nao msamiati mzima wa kazi hiyo. Randi Barndon wa Norway aliwakuta baadhi yao, na kitabu chake kikatoka 2004. Mradi wa Lugha za Tanzania, uliokusanya msamiati wa lugha nyingi nchini, ulianza 2001 kwa fedha za Sweden.

Leo barabara ya lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma, na mtafiti aweza kuwasili pasipo taabu kubwa. Malungu machache yangali yamesimama porini. Wa kuulizwa majina ya sehemu zake, moja moja, kwa Kifipa, ndio wasiopatikana tena kwa urahisi.